Kikundi cha Nyumba ya Shela, Lamu: sitaha ya nyuma (sakafu ya mbao ya nje)

ALHAMISI

Omari: Asalaam aleikum wote. Nimetuma picha tatu za sitaha. Zitazameni kwanza, kabla hamjaniuliza pesa za wageni zimekwenda wapi.

Swabra: Wa aleikum salaam. Hii ni sitaha au ngozi ya kenge?

Bwanaadi: Kenge ana afadhali 😂 anajibambua mwenyewe, hadai fundi

Mama: Omari, si mwaka juzi tu tulipaka vanishi? Ile iliyong'aa kama sahani ya harusi.

Omari: Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Ilikaa miezi minane ikaanza kubanduka. Upande wa baharini inatoka magamba, ukipita miguu mitupu yanakuganda nyayoni. Fundi anasema atapiga msasa juu juu, apake koti mbili mpya, siku mbili amemaliza. Anataka 18,000 pamoja na vifaa.

Mjomba Athman: [sauti, dakika 2:14]

Swabra: Mjomba shikamoo, niko ofisini, siwezi kufungua sauti

Mwanaisha: Nimeisikiliza mimi. Dakika moja ni salamu na mgongo wake. Iliyobaki anasema fundi asipake kitu.

Mjomba Athman: Marahaba. Naandika basi, mwenye haraka anisubiri. Vanishi ni ngozi, mbao ni mwili. Mbao ikinywa mai hufura, ikikauka hunywea. Vanishi haiwezi kuifuata, hupasuka. Mai huingia kwenye ufa, yakifika chini hayana pa kutokea. Yua likipiga, mvuke wake ndio unaoibandua. Mkipaka mpya yuu ya mbovu, mpya itabanduka pamoja na ile mbovu.

Omari: Lakini Mjomba, mlango wa mbele una vanishi miaka sita na haujaguswa.

Mjomba Athman: Mlango umesimama na una kivuli cha daka. Sitaha imelala chali, inatazamana na yua tangu asubuhi. Na neno sitaha lenyewe ni la chombo. Nyumba ina baraza. Mliponiambia mnajenga sitaha nchi kavu nilinyamaza.

Bwanaadi: Hukunyamaza Mjomba. Tulikusikia mpaka Matondoni.

Swabra: Sasa tufanyeje? Nataka hesabu, si historia.

Mjomba Athman: Kwangueni yote mpaka mbao ionekane. Osheni. Ikauke. Kisha mafuta, si vanishi. Mafuta huingia ndani, hayakai yuu. Yakichakaa hayabanduki, hufifia tu, na mwaka wa pili unaosha na kuongeza. Hakuna kukwangua tena maisha.

Bwanaadi: Sifa! Tupake sifa kama jahazi la babu

Mama: Sifa tunaitaka, lakini si hii ya mafuta ya ini la papa. Wageni watahama usiku huo huo, na paka wote wa Lamu watahamia kwetu.

Mjomba Athman: Hucheka wewe. Babu yenu kila chombo kilipopandishwa pwani alikipaka sifa mbao za yuu, deheni ya shahamu na chokaa huku chini. Kile chombo kilimzika yeye. Lakini ni kweli, harufu yake haifai wageni. Tafuteni mafuta ya kitani.

Omari: Ya kitani yapo mjini, Langoni. Kuna mabichi na kuna ya kuchemsha.

Mjomba Athman: Mabichi usiyaguse. Hukaa siku na siku hayajakauka, na mchanga wa Shela hauna subira. Ya kuchemsha siku hizi hata hayapikwi, yametiwa dawa ya kukausha, lakini kesho yake yameshika. Ila kitani kitupu kwa unyevu wetu huota ukungu mweusi. Bora yale ya makopo ya mbao za nje, yenye dawa ya ukungu na rangi kidogo ya kahawia. Rangi ile si pambo. Ndiyo inayozuia yua. Mafuta meupe kama mai, baada ya mwaka mbao imekuwa kijivu.

Swabra: Hayo ya makopo nimeyaona huku Mombasa. Lita ngapi?

Omari: Sitaha ni mita 6 kwa 4, yaani 24 za mraba. Kopo linasema lita moja kwa mita 10.

Mjomba Athman: Kopo linasema mbao mpya. Hiyo yenu ina kiu. Koti ya kwanza lita tatu, ya pili mbili.

Swabra: Lita 5 basi. Natia kwenye basi kesho usiku, Omari uyapokee Mokowe. Na huyo fundi mwambieni asante.

IJUMAA

Mwanaisha: Nimefanya lile jaribio la Mjomba la kujua kama mbao inakunywa maji. Tone la maji pale katikati: limezama kabla sijahesabu sitini. Tone jengine chini ya meza, pasipopigwa na jua: bado limesimama kama ushanga, nimeshakunywa chai nikarudi.

Omari: Na haya mabaka meusi kuzunguka misumari ni nini? Yameteremka kama wanja uliolia.

Mjomba Athman: Misumari ya chuma. Chumvi imeila, kutu yake imekutana na utomvu wa mvule, ikawa wino. Ningekuwepo siku ile ingepigwa skrubu ya stenlesi, tena ile 316 ya baharini.

Mama: Si mtie klorini tu? Mimi ndiyo ninayotolea madoa ya kanzu.

Omari: Klorini inakula nyuzi za mbao Mama, zinabaki na manyoya kama taulo. Kuna unga wa asidi ya oksaliki, unakorogwa kwa maji, unapaka, baka linapauka lenyewe. Glavu lazima, na maji mengi ya kusuuza. Bwanaadi alikuwa anataka kuleta ile mashine ya kuoshea mashua.

Bwanaadi: Ingekwisha dakika kumi!

Mjomba Athman: Ingekwisha mbao. Mai ya nguvu vile huchimba sehemu laini na kuacha mistari. Brashi ngumu, sabuni, na mai ya kisima yasiyo chumvi. Chumvi ikibaki huvuta unyevu kila usiku. Ya kwangu ya makumbi iko nyuma ya mlango wa stoo, Omari kaichukue. Nasema KAICHUKUE, sikusema ni yako.

Omari: Na nimepita na bisibisi nikidunga mihimili ya chini. Yote migumu isipokuwa mmoja wa pembeni, karibu na bomba la kuoshea miguu. Bisibisi imezama nusu. Nimeukata, nimetia mwengine.

JUMAPILI

Bwanaadi: Nimekwangua tangu alfajiri. Mikono yangu si yangu tena.

Mwanaisha: Amekwangua mita mbili. Amepumzika ishirini.

Bwanaadi: Hili vumbi linawasha! Macho yanatoka maji, napiga chafya kama mbuzi wa Arafa

Mjomba Athman: Mvule huo. Vumbi lake halina urafiki na mato wala kifua, kuna mafundi wameacha kazi kwa ajili yake. Funga barakoa na uoge ukimaliza. Msasa ni namba ngapi?

Omari: Nimeanza na 60, namalizia 80. Kuna jirani amepita akasema tufike 180 ili iteleze vizuri.

Mjomba Athman: Iteleze waanguke wageni? Ukilainisha mno unaziba vinywa vya mbao, mafuta hayaingii. 80 yatosha. Na ile mianya baina ya mbao, pitisha kisu utoe mchanga na majani. Mbao inaoza pale inapobaki na unyevu ubavuni, si pale mnapoiona.

JUMATANO

Omari: Imepata siku mbili za jua na upepo wa kaskazi tangu tuioshe. Imekauka kau. Leo baada ya alasiri tunapaka.

Mjomba Athman: Vizuri. Yua kali hukausha mafuta kabla hayajaingia. Ncha za mbao mzipe mara mbili, huko ndiko zinakokunywa. Baada ya dakika 20 kilichobaki yuu kifuteni na tambara. CHOTE. Kikiachwa kitanata mpaka masika.

Bwanaadi: Tumeelewa Mjomba, si watoto sisi

Omari: [picha] Tazameni hiyo rangi. Mvule umerudi kuwa mvule.

Mama: Mashallah. Ikikauka nautoa ule mkeka wangu wa Siyu, nikae huko jioni nipunge upepo.

Mwanaisha: Nani ameacha matambara kwenye karai, chini ya banda la makuti?

Bwanaadi: Mimi. Nitayafua kesho.

Mwanaisha: Yana joto.

Omari: Ya jua hayo.

Mwanaisha: Omari, jua limekuchwa saa nzima. Nimetia mkono katikati ya lundo nimeutoa mbio, kama umeshika chungu cha uji. Na kuna harufu kama mafuta yanayoungua.

Mjomba Athman: MWANAISHA TIA MAI SASA HIVI

Mjomba Athman: Usiyapekue. Ukipekua unayapa hewa. Mwaga ndoo nzima

Mjomba Athman: Simu yako mbona haishikwi

Mama: Mwanaisha??

Mwanaisha: Nimemwaga ndoo mbili. Yametoa moshi kidogo pale katikati. Tambara la chini limekuwa la kahawia kama mkate uliopita moto. Mikono inanitetemeka.

Mama: Ya Latifu. Na makuti juu yake, na nyumba ya jirani imegusana na yetu!

Swabra: Ngoja, moto umetoka wapi? Hakuna aliyevuta sigara wala kiberiti.

Mjomba Athman: Hauhitaji kiberiti. Mafuta ya kitani, na haya ya makopo yana kitani ndani, hayakauki kama mai. Hukauka kwa kushika hewa, na yakishika hewa hutoa joto. Kwenye mbao joto hupotea, huwezi kulihisi. Kwenye lundo la matambara halina pa kwenda, hupanda na kupanda mpaka kitambaa kikawaka chenyewe. Limeandikwa nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Omari: Nimelisoma sasa hivi. Kweli limeandikwa.

Bwanaadi: Nisameheni jamani. Nilidhani ni uchafu tu wa kawaida.

Mjomba Athman: Kesho koti ya pili. Kila tambara likimaliza kazi litandazwe peke yake mchangani, mbali na makuti, ligande liwe gumu kama samaki mkavu. Au litiwe kwenye kopo la bati lenye mai na kifuniko. Brashi hali kadhalika.

Mama: Usiku huu nani anakaa macho na hilo karai?

Bwanaadi: Mimi, Mama. Nimelitoa mpaka kwenye mchanga na nimekaa nalo.

JUMATATU

Omari: Koti ya pili ina siku nne. [picha] Tone la maji limesimama dakika kumi na tano.

Swabra: Hesabu: mafuta na nauli ya basi na boti, msasa, skrubu, oksaliki na ule mhimili ni 14,600. Fundi angechukua 18,000 na miezi minane baadaye tungemwita tena. Bwanaadi, kazi yako imehesabiwa kuwa mchango wa karai.

Mjomba Athman: Pale kwenye picha, kona ya kulia, mbona panametameta?

Omari: Ni upande wa Bwanaadi. Koti ya pili alimimina, nadhani hakufuta.

Bwanaadi: Nilifuta!! Kidogo.

Mjomba Athman: Pitisha tambara lenye tapentaini, sugua, futa. Tambara TANDAZA. Na brashi yangu ya makumbi haijarudi nyuma ya mlango.

Bwanaadi: Brashi nitaileta. Mama, samahani, ule mkeka wako wa Siyu ulinunuliwa kiasi gani?

Mama: Kwani una nini mkeka wangu?

Bwanaadi: Hauna kitu. Ila umekataa kunyanyuka.