Kama Haiti isingesema "hapana" Mei 1949: Libya ya vipande vitatu ingesimama?

Ramani_Kuukuu

Wakuu, salaam. Natunga historia mbadala ya Libya. Wazo ninalo, kilichonikwamisha ni ufundi wake. Mpango wa Ernest Bevin wa Uingereza na Carlo Sforza wa Italia, uliotangazwa Mei 1949, unapita Umoja wa Mataifa badala ya kuanguka. Libya inakatwa maeneo matatu ya udhamini, yaani ya kutawaliwa kwa muda chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa: Cyrenaica (mashariki) kwa Mwingereza, Fezzan (kusini) kwa Mfaransa, na Tripolitania (magharibi) inarudishwa kwa Mwitaliano mwishoni mwa 1951. Baada ya miaka kumi, Baraza Kuu likiridhika, uhuru.

Ni jambo gani dogo kabisa la kubadilisha ili upite? Ukishapita, ungetekelezwaje huko Libya kwenyewe? Na mafuta ya Sirte yangeangukia kwa nani? Sitaki majeshi ya kubuni wala viongozi wa kubuni. Kila ninachotumia kiwe kilikuwepo kweli.

Karani_wa_Kura

Mkuu, huhitaji kumgeuza mtu msimamo. Mtoe ukumbini tu.

Kifungu cha Tripolitania kilipata ndiyo 33, hapana 17, waliojizuia 8. Kanuni inataka theluthi mbili ya waliosema ndiyo au hapana. Aliyejizuia haingii kwenye hesabu. Waliopiga walikuwa 50, theluthi mbili yake ni 33 na kipande, kwa hiyo zilitakiwa 34. Wengi wakifika hapo hudhani lazima Émile Saint-Lot wa Haiti aseme ndiyo. Si lazima. Akijizuia, wapigaji wanabaki 49, theluthi mbili yake ni 32.67, na 33 zilezile zinatosha. Saint-Lot alikuwa mwandishi wa Kamati ya Tatu Azimio la Haki za Binadamu lilipopelekwa Baraza Kuu Desemba 1948. Kumwandika akiunga mkono kurudi kwa Mwitaliano Tripoli hakuaminiki. Kumwandika amechelewa kikao kunaaminika. Kwa hesabu tupu yeyote kati ya wale 17 angefaa, ila Haiti ndiyo inayotajwa kwa sababu ilitarajiwa kwenda na kundi la Amerika ya Kilatini, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa upande wa Italia.

Sasa angalia mtego. Vifungu vya Cyrenaica na Fezzan vilipita jioni hiyohiyo, kila kimoja kwa kura 36 za ndiyo. Kilichoua mpango ni kura ya mwisho juu ya azimio zima: 14 ndiyo, 37 hapana, 7 wakajizuia. Italia ilipokosa Tripolitania, marafiki zake wa Amerika ya Kilatini hawakuona sababu ya kuwapa Waingereza na Wafaransa vipande vyao. Nchi za Kiarabu na kambi ya Kisovyeti zilikuwa zinapinga tangu mwanzo. Kwa hiyo kifungu cha Tripolitania kikipita, kundi la Kilatini linabaki ndani, na ndilo linalobeba azimio zima. Usiligawe kundi hilo hata kidogo.

Kosa la pili la watunzi wa jambo hili ni kuishia hapo. Mkataba wa amani na Italia wa 1947, nyongeza ya XI, ulizifunga zile Dola Nne (Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti) kukubali pendekezo la Baraza Kuu. Lakini eneo haliwi la udhamini kwa pendekezo peke yake. Kila eneo lahitaji mkataba wake wa udhamini chini ya Sura ya XII ya Hati ya Umoja wa Mataifa, nao unarudi Baraza Kuu kuidhinishwa. Tazama Somalia: Italia ilipokea madaraka Mogadishu tarehe 1 Aprili 1950, Baraza Kuu likaidhinisha mkataba tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Riwaya yako ina mikataba mitatu ya kupitisha. Weka nafasi ya mmoja kukwama.

Ramani_Kuukuu

Shukrani, mkuu. Basi tuseme yote yamepita. Mwitaliano anaingia Tripoli Januari 1952, anapokelewaje? Na kabla ya hapo Mwingereza anashikilia vipi?

Bandarini_Magharibi

Hapo ndipo penye kazi. Ningeshauri nusu ya kitabu iwe kati ya Juni 1949 na Desemba 1951, kwa sababu baada ya hapo mambo yanajiendea yenyewe.

Anza na watu. Sensa ya 1954 ilihesabu watu milioni moja na ushei Libya nzima: Tripolitania kama 738,000, Cyrenaica 291,000, Fezzan 59,000. Walowezi wa Kiitaliano waliobaki Tripolitania walizidi 40,000 kidogo. Cyrenaica hakubaki hata mlowezi mmoja wa kilimo; waliondolewa wakati wa vita. Kwa hiyo Italia inakabidhiwa kama theluthi mbili ya Walibya wote, na wote wanakumbuka kambi za miaka ya 1930 na kunyongwa kwa Omar Mukhtar, kiongozi wa mapambano dhidi ya Waitaliano, Septemba 1931.

Tripoli haikusubiri kura. Mpango ulipotangazwa tu, maandamano na migomo ilianza, na Bashir al-Sadawi, kiongozi wa wazalendo wa Tripolitania, alikuwa na jina na mtandao wa kuyaendeleza. Katika historia halisi habari ya kuanguka kwa mpango ndiyo iliyotuliza mji. Kwako habari hiyo haifiki. Utawala wa kijeshi wa Uingereza unabaki na miaka miwili na nusu ya kulinda mji kwa niaba ya mtu asiyependwa, kwa gharama za hazina ya London iliyokuwa hoi. Wafanyakazi wa bandari wakigoma, hakuna mapato: nchi ilikuwa ikiuza nyasi za halfa na vyuma chakavu vya vita, na vyote hupita bandarini.

Kuhusu Mwitaliano mwenyewe, usimpe jeshi asilokuwa nalo. Mkataba wa 1947 ulimwekea kikomo cha askari 185,000 wa nchi kavu na Carabinieri (polisi wa kijeshi) 65,000, kwa Italia yote. Akipeleka Tripoli kikosi cha maana, anapunguza ulinzi wa mpaka wake na Yugoslavia wakati suala la Trieste, mji waliougombania, bado bichi. Ukitaka kipimo cha hasira, tazama Mogadishu 11 Januari 1948: tume ya Dola Nne ikiwa mjini, ghasia za siku moja ziliua Waitaliano 54 na Wasomali 14. Hapo Italia ilikuwa haijarudi bado. Ni fununu tu za kurudi.

Lakini usiandike kwamba udhamini wa Kiitaliano haukuwezekana popote. Somalia uliwezekana, 1950 hadi 1960, ukaisha kwa uhuru tarehe 1 Julai. Tofauti ni kwamba Somalia ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba, na baraza la ushauri la Colombia, Misri na Ufilipino likikaa Mogadishu palepale. Mpango wa Bevin na Sforza ulisema miaka kumi *kama Baraza Kuu litaona inafaa*. Kwa kiongozi kama al-Sadawi, sharti hilo peke yake ni sababu ya kugoma. Ukitaka Tripolitania isilipuke, mbadilishie maneno hayo kwanza, kabla hujagusa kitu kingine.

Jambo la mwisho, dogo ila la kila siku: fedha. Tripolitania walitumia lira za utawala wa kijeshi, 480 kwa pauni moja ya Uingereza. Cyrenaica walitumia pauni ya Misri. Fezzan walitumia faranga za Aljeria. Libya ya kweli ilikuja kuziunganisha 1952 kwa pauni yake. Kwako hazitaunganishwa. Mfugaji anayepeleka kondoo upande wa pili wa ghuba anavuka forodha na kubadilisha fedha.

Mpimaji_wa_Sirte

Nijibu la mafuta, maana ndilo huharibiwa zaidi.

Mpaka wa Tripolitania na Cyrenaica hufika baharini karibu na Ras Lanuf, pale Italo Balbo, gavana wa Kiitaliano, alipojenga lile tao kubwa 1937 kwenye barabara ya pwani. Hadithi ya kale ya ndugu Philaeni waliozikwa hai ili kulinda mpaka wa Carthage na Cyrene inawekwa eneo hilohilo, kwa hiyo mstari huu una umri. Tatizo ni kwamba bonde la mafuta la Sirte liko chini ya mstari, pande zote mbili. Zelten, kisima kikubwa cha kwanza, Esso 1959, kiko Cyrenaica, na bomba lake la kama kilomita 170 linashuka Marsa al-Brega, mashariki ya mpaka. Dahra iko magharibi. Gati la Es Sider liko magharibi pia, na Ras Lanuf imebanana na mpaka wenyewe. Kwa hiyo jibu la "mafuta ni ya Mwingereza" ni nusu tu.

Na usimpe mdhamini mafuta moja kwa moja. Ibara ya 76 ya Hati ya Umoja wa Mataifa inataka wanachama wote watendewe sawa kiuchumi ndani ya eneo la udhamini. ENI, shirika la mafuta la Italia lililoanzishwa 1953, haiwezi kufungiwa Tripolitania peke yake bila Wamarekani kulalamika Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia maeneo hayo. Kinachobadilika ni mwendo. Libya huru ilitunga sheria ya petroli 1955 iliyogawa nchi vitalu vingi kwa makampuni mengi, makusudi, ili wachimbe haraka na asiwepo bwana mmoja. Tawala tatu zenye sheria tatu zingechelewa. Ukisogeza ugunduzi mbele miaka miwili au mitatu, hakuna atakayekubishia.

Sasa tazama kalenda. Miaka kumi ya udhamini inaisha 1959, mwaka uleule wa Zelten. Baraza Kuu linaloamua hatima sasa lina wanachama zaidi ya 80, si 59, na Sudan, Moroko, Tunisia, Ghana na Guinea wamo ndani. Italia nayo ni mwanachama tangu Desemba 1955. Swali mbele yao linakuwa hivi: uhuru wa nchi moja au wa nchi tatu? Idris, kiongozi wa Cyrenaica, ambaye katika historia halisi alitangaza uhuru wa Cyrenaica peke yake tarehe 1 Juni 1949 kwa baraka za Waingereza, ana watu chini ya 300,000 na mafuta miguuni. Kwa nini akubali kuungana na Tripoli yenye watu mara mbili na nusu zaidi? Mwaka 1951 alikubali shirikisho akiwa maskini. Hata hivyo bunge la katiba lilibidi liwe na wajumbe 60, 20 kwa kila jimbo bila kujali idadi ya watu, ndipo Cyrenaica na Fezzan zikaridhika. Kwa maoni yangu muungano wa 1959 haupatikani. Umaskini wa 1951 uliiunganisha Libya kuliko hotuba zozote.

Karani_wa_Kura

Nakubali kuhusu Idris, ila Fezzan umeiruka, mzee.

Mpimaji_wa_Sirte

Kweli. Ni fupi. Mfaransa aliingia Fezzan Januari 1943 kutoka Chad na Jenerali Leclerc, na alichotaka ni njia ya kuunganisha Chad na Aljeria na Tunisia. Katika historia halisi Libya huru ilimtoa kwa mkataba wa Agosti 1955, akaondoka mwishoni mwa Novemba 1956. Kwako anabaki, na vita vya Aljeria vimeanza 1 Novemba 1954. Silaha za FLN, wapigania uhuru wa Aljeria, kutoka Misri zilipita Libya kwenda Tunisia. Weka Mwingereza Cyrenaica, Mwitaliano pwani ya Tripoli na Mfaransa Sebha, mji mkuu wa Fezzan: njia ya nchi kavu inabanwa sehemu tatu. Haizibiki kabisa, jangwa ni pana, lakini mzigo mkubwa utalazimika kupita baharini, na huko jeshi la majini la Ufaransa linasubiri. Hili linaweza kubadilisha vita vya Aljeria kuliko linavyobadilisha Libya.

Bandarini_Magharibi

Ongeza Suez. Oktoba 1956, Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri, serikali ya Waziri Mkuu Mustafa Ben Halim ilikataa kambi za Waingereza Libya zitumike dhidi ya Misri, na ikasikilizwa. Chini ya udhamini hakuna serikali ya Kilibya ya kukataa, kwa hiyo London itashawishika kuanzia Cyrenaica. Ila eneo la udhamini lilikuwa na masikio: malalamiko ya maandishi yalipelekwa Baraza la Udhamini, tume ya ukaguzi ilikuja kila baada ya miaka mitatu. Wasomaji wa Tanganyika wanaijua njia hiyo. Ndiyo Nyerere aliyoitumia alipozungumza mbele ya baraza hilo Machi 1955. Mtu wa Benghazi angekuwa na jukwaa lilelile, na Msovyeti mezani akimsikiliza kwa hamu. Kisheria Mwingereza angepigana akiwa ugenini kwenye ardhi ambayo si yake.

Ramani_Kuukuu

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Moja la mwisho: naweza kuacha Eritrea nje ya hadithi?

Karani_wa_Kura

Huwezi, ilikuwa kwenye azimio lilelile. Mpango ulitaka mkoa wa magharibi wa Eritrea uende Sudan na sehemu nyingine yote Ethiopia, kukiwa na masharti maalumu kwa Asmara na Massawa. Azimio zima likipita, hakuna tena azimio 390 la Desemba 1950 wala shirikisho la Eritrea na Ethiopia la 1952. Kumbuka pia kwamba Novemba 1949, Baraza Kuu lilipoamua Libya iwe huru kabla ya 1 Januari 1952 kwa kura 48 dhidi ya 1, hiyo moja ilikuwa ya Ethiopia. Kwa hiyo kwenye toleo lako Addis Ababa ni mshindi mapema, na Keren na Agordat zinatawaliwa kutoka Khartoum, ambako Mwingereza bado yupo hadi 1956. Fungulia sura yake peke yake. Ukiisukuma kwenye aya moja wasomaji wa Pembe ya Afrika watakurudia.