Vyombo vya muziki nisivyopiga tena: nivitunze au nivitoe?

mpulizaji_mkongwe (mwanzisha mada)

Wadau, habari zenu. Nina klarineti, kodiani, fidla na gitaa la nyuzi za chuma. Vyote viko chumba kimoja na hakuna hata kimoja ninachokipiga siku hizi. Vidole vyangu vimeshikwa na yabisi. Matundu ya klarineti siwezi tena kuyaziba sawasawa, na nikishika gitaa kwa muda mfupi tu mkono wa kushoto unakufa ganzi.

Nyumbani wanasema niuze, nafasi ipatikane. Nawaelewa, chumba chenyewe kidogo. Ila kodiani hiyo imenilisha, nimeibeba begani kwenye harusi za watu tangu nikiwa msichana. Na fidla niliachiwa na mwalimu wangu alipokuwa anaumwa. Alinikabidhi mwenyewe, mkononi, hakutuma mtu. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Ninachotaka kujua: chombo kikikaa bila kupigwa kinaharibika kweli, au ni maneno tu ya watu? Na nikiamua kuvitunza, kazi yenyewe ni ipi? Juzi nilifungua kasha la klarineti nikakuta pedi mbili zimeng'ang'ania kwenye matundu. Nikibonyeza zinabanduka kwa kamlio kadogo. Kodiani nayo nikivuta mvukuto bila kugusa kitufe chochote, kuna sauti moja inalia yenyewe mpaka nikifunga. Naombeni majibu ya watu wanaovijua vyombo hivi kwa mkono.

besi_ya_nyuma

Pole sana dada. Mimi ningeanza na gitaa. Gitaa la kiwandani ukilitoa leo, siku ukilihitaji utapata jingine linalofanana nalo. Fidla ya mwalimu hupati nyingine. Ukishavitenganisha hivyo, mzigo wa kufikiria unapungua nusu.

fundi_mvukuto

Dada, nimekuwa natengeneza vyombo vya muziki kwa muda mrefu, na vingi vinavyofika mezani kwangu ni vilivyokaa. Ngoja nikujibu kwa urefu.

Chombo hakiharibiki kwa sababu hakipigwi. Kinachokiua ni joto, unyevu, ukavu na wadudu, na kikiwa hakipigwi hakuna jicho linalokiona mambo hayo yanapoanza. Mtu anayepiga kila wiki atasikia nyufa ikiwa bado changa. Aliyefungia kabatini ataikuta imeshapasuka hadi mwisho. Kwa hiyo ukiamua kutunza, umeamua kufungua makasha mara kwa mara na kuangalia. Kama hilo hutaliweza, na hakuna aibu hapo, basi tafuta mtu wa kukufanyia au kitoe chombo kingali kizima.

Kodiani kwanza, kwa sababu inakuita. Ile sauti inayolia yenyewe maana yake kuna kifuniko ndani hakizibi tundu lake. Inaweza kuwa vumbi limeingia chini yake, ngozi yake imekakamaa, au springi imelegea. Usiendelee kuivuta kwa nguvu ukidhani itajifungua. Mpelekee fundi afungue pembeni aangalie. Mara nyingi ni kazi ndogo. Kikubwa zaidi ni namna unavyoihifadhi. Ndani ya kodiani kuna ndimi za chuma, na katika kodiani nyingi vibao vya ndimi hizo vimeshikizwa kwa nta, na juu ya kila nafasi kuna kipande chembamba cha ngozi au plastiki kinachoongoza hewa. Ukiilaza kwa muda mrefu, vile vingozi vinaweza kujikunja vibaya. Isimamishe kwenye miguu yake, kama inavyokaa mapajani unapopiga, mvukuto umefungwa na mikanda yake. Isikae karibu na dirisha lenye jua wala ndani ya gari: nta ikilainika vibao vinahama, na hapo kazi inakuwa kubwa. Mara mojamoja ifungue taratibu huku umebonyeza kitufe cha hewa, uinuse. Mvukuto ni karatasi ngumu, kitambaa na ngozi, kwa hiyo ukungu unaupenda. Utaujua kwa harufu kabla hujauona.

Klarineti yako kama ni ya mbao nyeusi nzito, karibu hakika ni mpingo, Dalbergia melanoxylon. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukiitia majini inazama, lakini uzito wote huo hauizuii kupasuka hewa ikikauka ghafla. Itunze ikiwa imetenganishwa vipande. Ukiiacha imeungwa, ile sehemu laini ya kwenye maungio inabonyea na haitabana tena. Pedi zinazonata, weka karatasi nyembamba kavu kati ya pedi na tundu, bonyeza kidogo kisha achia, usiivute karatasi kwa nguvu. Zikiendelea, zibadilishwe. Angalia pia kama kuna pedi iliyotobokatoboka, maana nondo hula sufu iliyo ndani yake. Na jambo moja ambalo watu hawaambiwi: atakayeipuliza baada ya kukaa miaka asiipulize saa nzima siku ya kwanza. Pumzi ina unyevu, mbao ya ndani inavimba wakati ya nje bado kavu, na inapasuka kuanzia tundu hadi tundu. Aanze na dakika 10 au 15 kwa siku, aipanguse ndani kila akimaliza, aongeze polepole.

Gitaa sina mengi. Nyuzi sita za chuma nyepesi zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70 zikiwa zimekazwa kawaida. Zishushe sauti moja au mbili, usizilegeze kabisa, maana ile nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo imekazwa ili ishindane nazo.

Unyevu wa chumba: kifaa kidogo cha kupimia hakisumbui kukipata. Ukiona kinasoma kati ya asilimia 40 na 60, lala salama. Cha muhimu zaidi ya namba ni usiwe unapanda na kushuka kwa ghafla, kwa hiyo usiviegemeze kwenye ukuta unaopata baridi au jua la moja kwa moja.

mpulizaji_mkongwe

Asante sana fundi, Mungu akubariki. Kodiani nimeshaisimamisha, kumbe ilikuwa imelala chali muda wote.

Fidla hujaigusa. Kuna mtu aliniambia nitoe nyuzi zote ili ipumzike. Na upinde wake una nywele kadhaa zilizokatika, ingawa hakuna aliyeutumia. Nina pia mpwa wangu anayesoma nchi nyingine, anapuliza klarineti kweli, si mchezo. Nikitaka kumtumia hii yangu kuna shida yoyote mipakani? Nimesikia mpingo unazuiwa.

fundi_mvukuto

Nyuzi za fidla usizitoe zote kwa pamoja, tafadhali. Ndani ya fidla kuna kiguzo kidogo cha mbao kilichosimama kati ya tumbo na mgongo. Hakikugundishwa. Kinashikiliwa na mgandamizo tu, na nyuzi zina sehemu yake katika mgandamizo huo kupitia lile daraja linalozibeba. Ukizitoa zote daraja linaanguka papo hapo, na kiguzo kinaweza kuanguka pia. Kukirudisha mahali pake kunahitaji fundi mwenye zana yake maalumu. Ziache zikiwa zimelegea kiasi. Kama zimezeeka, badilisha mmoja mmoja. Kila ukifungua kasha tazama daraja kwa ubavu, lisiwe limeinamia upande wa ubao wa vidole.

Upinde ni kinyume chake: ulegezwe kabisa. Zile nywele ni za mkia wa farasi, na kuna mabuu ya mbawakawa wadogo wanaopenda kuzila kwenye makasha yaliyofungwa gizani. Nywele zinazokatika zenyewe ndiyo dalili yao. Toa kila kitu kwenye kasha, lisafishe kwa mashine ya kufyonza vumbi hadi kwenye pembe za kitambaa, kisha liache wazi kwenye mwanga na hewa. Fidla yenyewe iweke kivulini wakati huo, maana gundi yake ni ya ngozi za wanyama na joto kali huilainisha.

Kuhusu mipaka: tarehe 2 Januari 2017 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliingiza karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia kwenye orodha yake ya pili, ya vitu vinavyohitaji kibali kuvuka mipaka, na mpingo umo. Wapigaji walisumbuka kweli. Lakini tangu 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika, pamoja na sehemu na vifaa vyake vilivyokamilika, havihitaji tena kibali hicho kwa spishi nyingi za jamii hiyo, na mpingo ni mojawapo. Hata hivyo nchi inaweza kuwa na sheria zake, kwa hiyo mpwa wako aulize forodha ya kwao kwanza. Kinachobaki kizito ni pembe za ndovu. Pinde nyingi za zamani zina kipande chake kwenye ncha, na vibonyezo vya piano za kale vilifunikwa kwa pembe. Uangalie upinde wako vizuri kabla ya kufikiria kuusafirisha.

tarumbeta_kimya

Dada, kati ya kutunza na kuuza kuna kuazimisha. Mimi tarumbeta yangu nilimwazimisha kijana wa bendi ya shule. Nilikuwa nimeiacha hadi pistoni zikakwama, na kwenye bomba kulianza kutokea vidoa vya rangi ya waridi, ile hali ya zinki kutoka kwenye shaba nyeupe. Ikasafishwa, akapewa.

Tuliandikiana karatasi. Ni yangu, anaitumia hadi amalize shule, mafuta ya pistoni ni juu yake, ikianguka anipigie simu siku hiyohiyo, na hawezi kumpa mtu mwingine bila kuniambia. Mzazi wake akasaini. Watu waliona nimezidisha, lakini karatasi ile ndiyo iliyotufanya tuzungumze vizuri bomba moja lilipochomoka. Hakuna aliyebishana. Nilikwenda kumsikiliza kwenye onyesho lao, na nakwambia ukweli, furaha niliyoipata pale ilinizidi ile ya kuimiliki.

maktaba_ya_sauti

Naongeza kidogo kuhusu fidla ya mwalimu. Kuna fidla mbili maarufu ambazo huwa nazifikiria mada hii ikija. Moja ni ile iitwayo Masihi, aliyoitengeneza fundi wa Italia Antonio Stradivari mwaka 1716. Ipo makumbusho ya Ashmolean, Oxford, na inakaribia kuwa mpya kwa sababu imepigwa kidogo sana. Ya pili ni Cannone, ya fundi Guarneri del Gesù, ya mwaka 1743. Paganini, mpiga fidla mashuhuri aliyefariki mwaka 1840, aliiachia jiji la Genoa, na wao huitoa na kumpa mpigaji anayealikwa aipige. Zote mbili zimetunzwa kwa heshima kubwa. Mafundi wanahitaji ile ya kwanza ili waone Stradivari alikuwa akifanya kazi vipi. Lakini mwalimu wako hakukuachia mfano wa ufundi. Alikuachia chombo cha kupigia, kama Paganini. Mimi ningeiweka kwangu na ningemruhusu mtu mmoja ninayemwamini aje kuipiga.

mpulizaji_mkongwe

Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Gitaa naliuza. Klarineti inakwenda kwa fundi kubadilishwa pedi kisha kwa mpwa wangu, na ile habari ya dakika 15 nimeshamwandikia. Kodiani inabaki. Nimeijaribu jana nikiwa nimekaa na mto mgongoni. Upande wa besi vidole vinanikubali, vile vitufe havihitaji kunyoosha mkono kama gitaa. Sikuwa nimejua, kwa sababu nilipoacha nilikuwa nimeacha vyote kwa mpigo.

Fidla siitoi. Kuna mwenzangu aliyefundishwa na mwalimu yuleyule, alinitangulia kidogo, bado anapiga. Nimempigia simu, amekubali kuja kila mwezi. Nikamwambia pia akae na ufunguo wa kasha, maana siku mimi sipo nataka iwe kwake.

Fundi, kabla klarineti haijaondoka kuna kitu niandike?

fundi_mvukuto

Ndiyo. Namba iliyochongwa kwenye kila kipande, iandike pembeni. Mara nyingi ipo karibu na nembo. Piga picha za kila upande, na moja ya karibu pale mbao inapokutana na pete za chuma, ili kukitokea ufa tujue ulikuwepo au ni wa safarini. Na kwenye kifurushi isiunganishwe, weka vipande kwenye kasha lake, kasha ndani ya boksi lenye nafasi ya kujaza pande zote. Besi za kodiani endelea nazo, ila ile sauti inayojililia itengenezwe kwanza.