Kukunja karatasi yenye mwenzako alibuni, unauzisha, jina yake hautaji: ni wizi ao hapana?

MKUNJAJI WA KADUTU
Ndugu zangu wa Bukavu, hii jambo inanichoma roho siku tatu sasa. Miye nakunjaka karatasi, ile kazi Bajapani banaita origami. Mwaka jana nilikata mufuko ya simenti, mraba ya sentimeta 60, nikakunja gorila dume kama wale wa parki ya Kahuzi-Biega, wiki mbili nzima, kila usiku na tochi ya simu. Upande wa ndani wa mufuko ulibakia na vumbi ya simenti kidogo, nikaugeuza nje pale mugongoni, njo ukatoa ule mugongo mweupe wa dume mukubwa. Hapo nilicheka peke yangu mu chumba. Nikachora hatua zote, nikabatumia batoto fulani ile michoro kwa WhatsApp. Leo kuko muuzaji moja wa vitu vya wageni anauzisha gorila yangu dolari 15, jina hakuna. Namuuliza, ananiambia karatasi ni karatasi, nani alikukataza kukunja.

Miye nasema ni wizi. Ndege korongo ya karatasi ni ya bote, hiyo sawa, kule Japani kuko kitabu ya mwaka 1797 yenye inaonyesha korongo 49 tofauti zenye kuunganika, sasa nani atadai? Lakini gorila yangu haikukuwa mu dunia mbele yangu.

PAPA WA NYAWERA
Kijana, punguza moto. Marehemu baba alikuwa seremala, kiti alichobuni kimeigwa mpaka Uvira na hakushitaki mtu. Kukunja ni njia ya kufanya, kama kupika sombe. Utamkataza jirani kupika sombe juu wewe njo ulianza kuweka mawese mapema? Na hiyo dolari 15, avoka atakubali kuinuka kitandani juu yake?

MKUNJAJI WA KADUTU
Papa, heshima, lakini sombe ukisha kuila imeisha, hii ni sura, ni kama sanamu. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mwenye kubuni maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na Kongo iko mu mkataba wa Berne, ule wa inchi nyingi juu ya haki za wabunifu, wenye hauombi uandikishe kazi kwanza ndio ilindwe. Basi siyo lazima niende ofisi, nilisha kuwa mwenyewe siku nilimaliza kukunja.

Hata kule Marekani balipigana juu ya hii. Mwaka 2011 Robert Lang na wakunjaji wenzake walimshitaki muchoraji Sarah Morris juu alichukua ramani zao za mikunjo, ile mistari unaona ukifungua karatasi, akaijaza rangi, akafanya tablo bila kuomba. Nasema ukweli, judge hakutoa jibu, walipatana 2013. Kwa hiyo Papa hajashindwa kabisa, lakini miye pia sijashindwa.

MAMA WA PANZI
Munagombania jina na kitu chenyewe kinakufa mu mikono. Niliuza korongo mia moja za dekorasyo ya ubatizo, nikazibandika na gundi ya unga wa muhogo, mvua ya Novemba ikaingia, mabawa yakafunguka kama midomo ya kuku yenye kiu, kisha mende zikakuja kukula gundi. Asubuhi nafagia vichwa! Gorila yako iko wapi sasa?

MKUNJAJI WA KADUTU
Mama umenipiga pale panauma. Iko juu ya kabati na mukono ya kushoto ilishafunguka. Hapa kwetu hewa ya ziwa inalegeza mukunjo, jua ya dirisha inakula rangi, na karatasi ya gazeti usijaribu hata, inageuka manjano yenyewe juu ni mbao ya kusagwa. Mzee Akira Yoshizawa, mukunjaji mukubwa wa Japani, alikuwa analowesha karatasi nzito kidogo mbele ya kukunja, ile gundi iliyo ndani ya karatasi inalainika, ikikauka inashika umbo. Inasaidia, lakini milele hapana.

Njo maana ninaona chenye kubakia ni ramani, ile michoro ya hatua za kukunja. Yoshizawa alikunja maelfu na maelfu ya sura, zenye alichora ni chache sana, na alikufa 2005. Sasa angalia mutego: usipochora kazi inakufa na weye, ukichora unamupa mwizi funguo. Miye nachagua kuchora, paka jina ikuwe pale pale kwenye ramani, na mwenye kuuzisha ataje. Franka hata sidai.

PAPA WA NYAWERA
Kama ni jina tu, hapo nakubali. Ungesema hivyo tangu asubuhi nisingekumbuka viti vya marehemu. Lakini batoto bakikunja ku masomo usibasumbue.

MKUNJAJI WA KADUTU
Batoto bakunje mpaka bachoke, Papa.

Halafu nilirudi kwa yule muuzaji jana. Gorila zake ni za karatasi ya fotokopi, bega zimepasuka zote, mbili hata hazisimami, anazishikilisha na jiwe. Nikamuachia ramani, jina yangu kubwa kwenye kona. Akaiangalia muda murefu, akauliza kama najua kukunja twiga.