Jarife langu la papa: wiki ya kwanza watano, sasa sifuri. Nahodha ananiibia?

Bi Kaango (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanamke, nipo Tanga, nakaanga na kuuza samaki mwaka wa tisa huu. Kukaanga naweza, kuvua sijui, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mwezi wa tatu niliingia ubia na nahodha mmoja. Yeye ana mashua, mimi nikanunua jarife, wavu wa kulaza chini, kwa ajili ya papa usingizi, wale wanaoshinda wamelala kwenye mapango ya mwamba. Tulikubaliana tukishatoa mafuta na posho, kinachobaki tunakata mafungu matatu: chombo, wavu na mabaharia. Wiki ya kwanza alileta papa watano, mmoja mkubwa mpaka mkia ukaburuzika nje ya toroli. Nikapasua, nikatia chumvi, nikaanika. Ng'onda ikaisha kabla haijakauka vizuri. Baada ya hapo wawili. Kisha mmoja. Sasa ni wiki tatu sioni kitu, naambiwa tu "bahari chafu, mama".

Je, ananiibia? Au niongeze jarife la pili? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Ngoja_Waje
Ngoja waje wenye bahari yao. Mimi wa Dodoma, nimevuta kigoda.

Fundi wa Pangani
Dada, kosa lako ni kuuza ng'onda mbichi. Papa ana mkojo kwenye damu na nyama, akishakufa ndiyo ile harufu ya choo inapanda. Mwambie nahodha amchinje na kumtoa damu hukohuko baharini. Ukimpokea loweka kwenye maji ya chumvi, mwaga, rudia, ndipo uanike. Mama yangu alikuwa akimpika na nazi nzito na bilinganya, mgeni anaramba sahani akidhani nguru. Alifariki 2011, sijala papa wa maana tangu hapo.

Bi Kaango
Asante kaka na pole kwa mama. Lakini sikuuliza mapishi.

Mzee wa Kusi
Binti yangu, nina maswali matatu. Jarife linalazwa wapi? Maini na mapezi anachukua nani? Na pesa ya wavu ilitoka wapi?

Bi Kaango
Shikamoo mzee. Linalazwa mbele ya kisiwa cha Yambe, huko kwenye kina. Maini wanachukua wao, wanayeyusha sifa, yaani mafuta ya kupaka chombo. Mapezi sijawahi kuyaona, papa huwa ananifikia ameshakatwa, nikajua ndivyo wanavyoletwa. Pesa ni ya biashara.

Kijana wa Makorora
"Sijawahi kuyaona" 😂😂 Mama unakula makombo halafu unauliza kama kuna mtu alikula. Pezi ndiyo fedha. Nyama ni ya kukupoza.

Shangazi Mkweli
Mwanamke na chombo wapi na wapi? Hakuna mume hapo nyumbani wa kwenda kusimama dikoni mashua zinapofika?

Bi Kaango
Mume yupo Songea, ana yake. Tusifike huko.

Mzee wa Kusi
Marahaba. Sasa hilo la tatu umelirukia. Jarife la papa, kamba zake, maboya na risasi si fedha ya kaango. Pesa ya biashara ipi?

Bi Kaango
Mzee mbona unanikaba hivyo.

Mzee wa Kusi
Nakukaba kwa sababu bahari haikopeshi.

Bi Kaango
Basi nasema. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tupo akina mama ishirini na wawili. Nilichukua 2,600,000 za kikoba. Sikuiba, niliazima, na daftari nimeliandika mwenyewe. Mgawanyo wetu ni Desemba, nilipiga hesabu ya wale papa watano nikaona mpaka mwezi wa nane nimerudisha na faida juu. Na jambo jingine, msije mkaniambia niache: jarife la pili nimeshatanguliza nusu. Wavu mmoja haulipi, mawili yatalipa. Hiyo ni hesabu ya kawaida tu.

Ngoja_Waje
Nimesogeza kigoda.

Shangazi Mkweli
Nilijua! Ishirini na wawili! Kuna mjane humo anadunduliza ada ya mtoto. Nenda ukawaambie kesho, kabla hawajasikia kwa jirani. Sisi mwaka ule mweka hazina wetu alituaga anakwenda msibani Korogwe, mpaka leo huo msiba haujaisha.

Bi Kaango
Nikiwaambia sasa watataka pesa yote kesho. Nikikaa kimya mpaka Desemba wanapata na faida. Nani hapo ameumia?

Mwana Mbegani
Nilisoma uvuvi Mbegani, ngoja nijibu swali la samaki maana naona mmeligeuza baraza la usuluhishi.

Dada, papa usingizi si jodari anayepita. Ana kwake. Usiku anatoka, anaweka mdomo kwenye tundu la pweza na kumfyonza kama wewe unavyofyonza uboho kwenye mfupa. Alfajiri anarudi pango lilelile, wanalala wamepandana kama watoto wa mbwa. Kwa hiyo ukilaza jarife mlangoni, siku za mwanzo unavuna ukoo mzima. Wale watano hawakuwa mwanzo wa biashara, ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Jike naye hazai kama dagaa: mayai yanaanguliwa humohumo tumboni, na watoto wanakula mayai mengine kabla hawajatoka. Wanaozaliwa ni wachache, na mpaka wawe wa kujaza toroli wewe umeshaitwa bibi. Nahodha anaweza kuwa mwizi na pango likawa tupu vilevile. Jarife la pili litalala mbele ya pango tupu.

Halafu mbele ya Yambe ni ndani ya Hifadhi ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009. Wale silikanti, samaki wa kale wa kwenye kina, waliofanya Tanga ijulikane walikuwa wakinaswa kwenye majarife ya papa ya kina, kama hilo lako. Umemwuliza nahodha habari ya kibali?

Bi Kaango
Kibali anajua yeye. Ila kuhusu mayai kaka hapo umekosea. Yule mkubwa nilimpasua mwenyewe. Nilikuta mayai mawili, ya kahawia iliyoiva, magumu kama ngozi ya kiatu, marefu kama simu hii ninayoandikia, na pembeni yana nywelenywele. Nilidhani nimewekewa kitu, nikayazika nyuma ya choo.

Dhulumati
CHAI. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Nimevua Mkinga miaka kumi na minne. Papa usingizi hatagi, na Mwana Mbegani kakwambia hapo juu. Ukimtoa majini anakutemea maji usoni na kukoroma, wewe hujataja hata hilo. Leo una kikoba, una nahodha mwizi, una hifadhi, na sasa una mayai yenye nywele nyuma ya choo. Bado jini tu. Mods fungeni uzi.

Kijana wa Makorora
Nami nilishangaa. Miaka tisa kwenye samaki hujui pezi linauzwa?

Bi Kaango
Wallahi sidanganyi. Mimi nanunua vibua na changu, papa nilikuwa nampokea mkavu. Ningetunga hadithi ningejiweka mweka hazina?

Mwana Mbegani
Dhulumati tulia kidogo. Bi Kaango, huyo mwenye mayai mkia wake ulikuwaje?

Bi Kaango
Mrefu, karibu nusu ya mwili, ndiyo ule nilisema uliburuzika. Mwili una madoadoa kama chui na mgongoni ana mistari iliyoinuka. Wale wanne walikuwa wa kahawia tupu, mkia mfupi kidogo, na vindevu viwili puani.

Mzee wa Kusi
Hao ni samaki wawili tofauti. Pwani tunawaita jina moja kwa sababu wote wanalala chini. Mwenye madoa ndiye anayetaga. Mtoto wake ana milia myeupe kwenye mwili mweusi, ukimwona hudhani ni wa mama huyo. Mayai anayaacha chini, zile nywele ndizo zinashika kwenye mwamba. Kwa hiyo mayai si chai. Mengine sijui.

Abu Salma, Dubai
Nathibitisha. Hapa hoteli ya Burj Al Arab kulikuwa na jike wa aina hiyo kwenye tangi, hana dume, na kuanzia 2007 mayai yake yakaanguliwa. Wataalamu waliandika.

Dhulumati
Hii nayo chai, imeletwa kwa ndege.

Mwana Mbegani
Ni kweli, hata Townsville, Australia, ilitokea 2016. Ila msijifariji, porini tunawamaliza kuliko wanavyotaga.

Kijana wa Makorora
Papa anazaa bila mume na Bi Kaango bado anatafutiwa mume wa kusimama dikoni. Shangazi, sema neno.

Dhulumati
Mayai nimekubali. Bado nataka picha ya jarife.

Bi Kaango
Picha ziko kwenye simu ya nahodha, na simu yake haipatikani tangu mchana.

Mzee wa Kusi
Binti yangu. Jarife la kwanza liko wapi usiku huu, nchi kavu au majini?

Bi Kaango
Sijui mzee. La pili liko kwenye basi kutoka Dar, linafika kesho saa nne, na nusu iliyobaki inalipwa palepale. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kikoba nakuja kwake asubuhi, ila sijamwambia kwa ajili ya nini. Nianze stendi au nianze kwake?

Shangazi Mkweli
Kwake. Na daftari mkononi.

Ngoja_Waje
Stendi, uzuie mzigo urudi na basi lilelile.

Fundi wa Pangani
Samahani kuingilia, ng'onda imebaki hata kilo mbili? Kesho napita Tanga.