Nina saa tatu za kufundisha walezi kuhusu dawa za akili. Nianzie wapi?

MamaKayole
Hamjambo. Mimi ni afisa wa ustawi kwenye kituo cha watoto huku Kayole, Nairobi. Mwezi ujao nawafundisha walezi wetu 8 na familia 3 zinazolea watoto kwa muda.

Kilichonisukuma ni mtoto wa miaka 9. Aliletwa Ijumaa jioni kutoka kituo kingine, na kwenye begi lake la shule mlikuwa na bahasha ya khaki yenye vidonge 11. Juu yake "1x2", na jina la dawa halisomeki. Barua ya daktari hakuna, kadi ya kliniki hakuna. Mwenzangu akasema, "Huyu mbona ametulia, ya nini kumlewesha?" Akaitia kabatini. Kufika Jumatatu mtoto halali, anatapika, anagonga kichwa ukutani. Tukasema ni ukaidi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Kliniki ndiko tulikoambiwa ni risperidone, dawa ya kutuliza hasira kali, na kwamba haikatwi ghafla namna ile.

Sasa niwakaririshe majina ya dawa, au?

NesiGithurai
Dada, majina hayo watayasahau kabla ya chai ya saa nne. Wafundishe kuangalia na kuandika. Risperidone huamsha njaa na usingizi: mtoto apimwe uzito kabla ya kuanza na kila anaporudi kliniki, na sukari pia. Methylphenidate, ile ya watoto wasiotulia, hukata hamu ya chakula, na ikimezwa jioni usiku mzima ni macho. Fluoxetine, ile ya huzuni kali, hukawia wiki kadhaa kufanya kazi, na huko mwanzoni vijana wengine hupata mawazo ya kujiua. Marekani waliagiza onyo hilo tangu 2004. Wiki hizo awe karibu na mtu.

BabaWawili
Hiyo ya njaa ni kweli tupu. Wetu alikuwa akimaliza ugali wake anahamia sahani yangu. Tukasema maskini, alikotoka alishinda njaa, tukamwongezea. Suruali ya Januari haikufunga Aprili. Hakuna aliyetuambia.

Na mwalimu wake alitaka dozi iongezwe. Darasa lina watoto zaidi ya 60. Nikamuuliza, mwalimu, hii ni dawa ya mtoto au ya darasa? Daktari aliposikia hayo hakuongeza.

MamaKayole
@BabaWawili hilo la mwalimu naliiba. Kwetu pia, siri ya ndani, wa zamu ya usiku hupenda kutoa dawa mapema ili nyumba ilale.

@NesiGithurai, mtoto aliniuliza, "Hii ni ya wazimu?" Nikabaki nimeduwaa.

NesiGithurai
Mwambie ni ya kumsaidia asikasirike mpaka ajiumize, kisha muulize yeye anaionaje. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni yake yasikilizwe kwa mambo yanayomhusu, na dawa ni mojawapo.

MamaKayole
Asante. Ile bahasha bado ninayo. Nitaipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja aseme kinachokosekana juu yake.