Nianzie wapi kuwafundisha kidato cha kwanza habari za ardhi na mazingira?

Mwalimu_Kondoa: Ndugu walimu, salaam. Ninafundisha jiografia kidato cha kwanza katika shule ya kijijini huku Kondoa, na maabara hatuna. Muhula uliopita nilianza na maana ya miamba na aina zake tatu. Wanafunzi walizikariri zote, lakini nilipompa mmoja wao jiwe lililookotwa mlangoni mwa darasa, alilitazama tu akanyamaza. Wenzangu mnaanzaje ili mtoto aijue ardhi kwa macho na mikono kabla ya kukutana nayo daftarini?

ChakiNyeupe: Mwalimu mwenzangu, kwa Kondoa mimi ningeanza na korongo, yaani mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua. Wasimamishe mbele ya ukuta wake, wapime kwa rula unene wa udongo wa juu wenye mizizi, walinganishe na udongo mwekundu ulio chini yake, kisha uwaulize maji yamebeba nini na yamekipeleka wapi. Wakirudi nyumbani wawaulize bibi na babu zao juu ya mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililomomonyoka chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Majani na miti ilirudi, ila familia zilizotegemea ng'ombe kwa maziwa na samadi zilibeba mzigo mzito, na sehemu hiyo nakuomba usiwafiche, kwa sababu elimu ya mazingira isiyowataja watu ni nusu ya elimu.

Mama_Jiografia: Naunga mkono, na ninaongeza chupa. Kila kundi litie udongo wa korongoni hadi theluthi ya chupa angavu, lijaze maji, litikise kwa nguvu na kuiweka mezani bila kuigusa tena. Mchanga hutulia ndani ya dakika chache, chembe laini zaidi huchukua saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi waweza kuyaacha maji yakiwa na rangi hadi kesho yake au zaidi. Wachore mstari kwenye chupa kila tabaka linapojitenga. Hapo hutahitaji maneno mengi kueleza kwa nini mto unaopunguza kasi huangusha mchanga kwanza, huku tope likiendelea na safari.

Mwalimu_Kondoa: Nashukuruni sana. Korongo lipo nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Je, niwapeleke wakati wa mvua waone maji yakifanya kazi?

ChakiNyeupe: Hapana, mwalimu. Nenda kiangazi, na hata hapo wasimame mbali kidogo na ukingo, maana kuta hizo huporomoka ghafla. Siku ya mvua, kinga maji ya mfereji wa shuleni kwenye ndoo, uyalete darasani.