Mke wangu ana sikoseli, maumivu yakianza usiku sijui nifanye nini

KijanaTabata:
Habarini wakuu, naombeni ushauri maana nimekwama. Tuna mwaka wa pili kwenye ndoa, mwenzangu ana sikoseli, alinambia tukiwa bado wachumba sikufichwa kitu. Wiki iliyopita saa nane usiku nashtuka namkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kang'ata pindo la khanga asilie kwa sauti, miguu yote miwili inamuuma kuanzia gotini kushuka. Mi nikaanza pole mke wangu, nimpigie mama? twende hospitali? leo ulikunywa maji kweli? mpaka akanambia "mume wangu naomba unyamaze kidogo tu". Iliniuma sana, sio kwa kunyamazishwa, ni kumwona anateseka na mimi nimekaa tu. Asubuhi akaoga akaenda kazini, ukimwona huwezi kujua kama hakulala. Mliopitia hii mnafanyaje?

MamaKgmb:
Pole mdogo wangu. Mi mwenyewe nina sikoseli, nina miaka 36. Zile chembe nyekundu zinajikunja kama mundu zinanasa kwenye mishipa midogo damu haipiti, sasa mtu yuko kwenye hali hiyo unamuuliza maswali matano, kila jibu linamla nguvu. Muulize akiwa mzima. Mume wangu nikimgonga begani mara mbili anajua, anaamka anachemsha maji, anatia kwenye mpira wa maji ya moto, anauviringishia khanga ananiwekea kwenye ugoko, ananipa dawa na maji kikombe kikubwa, halafu anakaa. Haongei. Na baridi mkaiangalie, watu wanasema Dar hakuna baridi, we panda pantoni saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba upigwe na ule upepo, mi bila sweta siku yangu imeisha hapo hapo. Kiyoyozi cha ofisini nacho vile vile.

FundiKimara:
Dada kaongea. Mi naongezea la hospitali maana bado linanichoma. Mwaka juzi nimempeleka wangu, muuguzi akasema huyu anadeka, kazoea sindano, akakaa benchi masaa matatu anatetemeka. Tangu hapo picha ya kadi yake ya kliniki na dawa zake zote ziko kwenye simu yangu, mapokezi naongea mimi. Halafu nunua kipimajoto, homa ikifika 38, au kifua kinabana, anapumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili umelegea, usisubiri kukuche.

Binti_Ilala:
Kaka na wewe umepima damu ujue kama umebeba sikoseli? Kama una AS, yaani umeibeba ila huumwi, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuwa na sikoseli, kama ni AA, yaani huna kabisa, watoto watabeba tu hawataugua. Na kama anameza haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, aongee na daktari kabla hamjaanza kutafuta mtoto, sio baada.

KijanaTabata:
Asanteni sana, sijapima, Jumatatu naenda. Jana tumekaa kibarazani nikamuuliza kama dada wa Kigamboni alivyosema. Kafikiri kidogo, akasema nisimuulize kila dakika "bado inauma?", ila nimshike nyayo kwa mikono miwili nisizisugue, nizishike tu mpaka aseme basi. Miaka miwili sikuwahi kumuuliza.